Dakika za Mombasa haziivishi maharagwe ya Nakuru

Kisumu,
Jumapili jioni

Kwako ndugu Wafula,

Salamu kutoka huku ziwani. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na kwamba baridi ya Nakuru bado haijawashinda.

Unasema ugali, sukuma na samaki wa kukaanga unavimudu, lakini ukifungua ukurasa wa mapishi mapya unaufunga papo hapo. Sikupi pole. Mtu anayesonga ugali usio na madonge, na anayejua ngege (tilapia) huanza kuachia karai wakati gani, hana haja ya kuanza upya. Tatizo ni kwamba ukijaribu kitu kigeni unabadilisha mambo yote kwa mpigo: nyama ngeni, viungo vigeni, sufuria ya kuazima, na wageni wako sebuleni. Kikiharibika, hujui ni kipi kilichokiharibu. Badilisha jambo moja tu, mengine yaache kama ulivyoyazoea. Na usijaribu pishi jipya siku ya wageni, hata shemeji akikubembeleza.

Anza na samaki wa nazi. Kukaanga unakujua, mchuzi wa nyanya unaujua, kwa hiyo kigeni ni tui peke yake. Tafuta ngege wawili wa nusu kilo kila mmoja. Huko Nakuru samaki hufika wakiwa wamesafiri kwenye barafu, kwa hiyo inua shavu uone matamvua: mekundu, sawa, ya kijivu au kahawia, mrudishie mwenyewe. Bonyeza nyama kwa kidole. Ikibaki na shimo, usinunue, bei iwe nafuu namna gani.

Vitu vingine: kitunguu kikubwa 1, nyanya 3 zilizoiva, punje 4 za kitunguu saumu, tangawizi kidogo ya kusaga, manjano nusu kijiko cha chai, ndimu 1, dhania, na nazi 2. Kama huna mbuzi ya kukunia nazi, katakata nyama ya nazi vipande vidogo uisage kwenye blenda. Tia kikombe kimoja cha maji vuguvugu, kamua kwa kitambaa safi, hilo ndilo tui zito. Rudisha machicha, tia vikombe viwili vingine, kamua tena upate tui jepesi. Weka kila moja kwenye bakuli lake. Ukikosa nazi, kopo la mililita 400 linatosha: nusu itumie kama tui zito, na nusu nyingine izimue kwa vikombe viwili vya maji.

Mchanje kila samaki mistari mitatu kila upande. Wapake wote wawili kijiko kimoja cha chai cha chumvi na maji ya nusu ndimu, uwaache dakika 20. Usimlaze humo usiku kucha, ndimu huikaza nyama ikawa kavu mdomoni. Kisha mfute maji kabisa kwa kitambaa. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanalaumu karai. Ngozi ikiwa na maji, mafuta hupoa, samaki anachemka badala ya kukaangika, na ngozi yote inabaki chini. Chovya ncha ya mwiko mkavu kwenye mafuta. Vipovu vikitoka pembeni, mtie. Dakika 4 kila upande, na usimguse kabla hajaachia mwenyewe. Asiive kabisa, atamalizia kwenye mchuzi.

Sasa mchuzi. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia saumu na tangawizi kwa nusu dakika, kisha manjano, kisha nyanya. Hapa uwe na subira. Nyanya hazijaiva mpaka uone mafuta yamejitenga yakitambaa pembeni mwa sufuria, jambo linalochukua dakika 10 au 12. Ukiwahi, mchuzi utakuwa mchachu na tui litakatika kwa urahisi zaidi. Tia tui jepesi, lichemke taratibu, onja, ongeza chumvi kidogo kidogo, laza samaki ndani kwa dakika 5. Punguza moto, mimina tui zito, na tangu hapo usikoroge. Shika sufuria masikio uichezeshe, maana mwiko utawavunja samaki. Lianze kufurukuta tu, kisha uepue. Likichemka kwa nguvu mafuta yatajitenga na mchuzi utaonekana una chembechembe. Likikatika usilimwage! Ladha ni ileile, sura tu ndiyo imeharibika. Ndimu iliyobaki ikamulie juu baada ya kuepua, na dhania.

Wiki ijayo mchuzi uleule utie minofu ya mbuta (sangara), kisha kuku aliyechemshwa, kisha kunde. Hapo unazo sahani nne, na kila mara ulibadilisha kitu kimoja.

Kuhusu maharagwe uliyosema ulifuata saa za kitabu na bado yakawa magumu: kosa huenda si lako. Maji huchemka yakiwa nyuzi 100 kule Mombasa kwenye usawa wa bahari. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, na huku huchemka yakiwa karibu nyuzi 96. Nakuru, kwenye mita kama 1,850, ni karibu 94. Ukiongeza kuni au gesi, maji yatakauka upesi, ila hayatapata joto zaidi ya hapo. Kwa hiyo pishi lililoandikwa Pwani likisema saa moja na nusu, wewe ongeza robo hadi nusu ya muda huo, au tumia sufuria ya presha, ambayo kazi yake hasa ni kuyafanya maji yachemke kwa joto la juu zaidi. Maharagwe yaloweke usiku, mwaga maji yale, anza na maji mapya, na mwanzoni yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguza moto. Yale mekundu yana sumu inayoumiza tumbo, na moto hafifu hauimalizi. Nyanya usitie mpaka uyabonyeze kwa vidole na yapondeke, kwa sababu uchachu wake huyazuia kulainika. Maharagwe ya zamani, yaliyokaa ghalani msimu baada ya msimu, yanaweza yasilainike hata kidogo; hayo hayana dawa ila magadi.

Na magadi unayajua. Kwenu Bungoma mrenda haupikwi bila magadi au maji ya majivu yaliyochujwa, na sababu ni hiyohiyo: hulegeza kile kinachoushikilia mmea usivunjike. Kwa sufuria ya mboga ya watu wanne, robo ya kijiko cha chai inatosha. Ukizidisha, mboga inakuwa na ladha ya sabuni na vitamini zake hupungua. Ukitaka pishi jipya bila gharama, changanya mrenda na kunde, au managu (mnavu) na terere (mchicha). Managu machungu yakipikwa na terere uchungu hupoa. Maziwa nusu kikombe mwishoni yanafaa zaidi, ila yatie moto ukiwa mdogo.

Pilau. Najua wewe ndiko unakotaka kwenda, na ndiko ulikoanguka. Bokoboko uliyoieleza ilitokana na maji. Uliloweka mchele, kisha ukatia vikombe viwili vya supu kwa kila kikombe cha mchele. Mchele uliolowekwa umeshakunywa maji. Mchele wa pishori uliooshwa, ukalowekwa nusu saa na kuchujwa vizuri, utie kikombe kimoja na nusu cha supu kwa kila kikombe. Kwa kuwa uko Nakuru, weka kando robo kikombe ya supu ya moto uiongeze mwishoni kama kiini kimebaki kigumu. Kuongeza maji unaweza, kuyatoa huwezi. Mchele pimia kwa kikombe kilekile utakachopimia supu, hata kiwe kikombe cha chai kilichovunjika mkono. Kinachohesabika hapo ni uwiano.

Kwa vikombe 3 vya mchele chukua nyama nusu kilo, uichemshe na chumvi na tangawizi mpaka ilainike, kisha pima supu yake. Ikiwa chini ya vikombe vinne na nusu pamoja na ile robo ya kuweka kando, jazia maji. Vitunguu vikubwa 3, vikatwe vyembamba na vilingane, vinginevyo vingine vitaungua vingine vikiwa vibichi. Mapishi yanayokuambia vitunguu hupata rangi ya kahawia kwa dakika 5 yanakudanganya, na ukiona hivyo lishuku na pishi lote. Kwa moto wa wastani ni dakika 18 hadi 25. Subiri rangi ya strungi (chai isiyo na maziwa) iliyokolea. Rangi na harufu ya pilau hutoka hapo, wala si kwenye pakiti. Ikipita hapo ikaelekea nyeusi, anza upya. Uchungu huo hautoki kwa kitu chochote.

Tia saumu, kisha bizari nyembamba vijiko viwili vya chai, iliki 5, karafuu 5, mdalasini kijiti kimoja, pilipili manga nzima kijiko nusu. Dakika moja tu, viungo vikianza kunukia tia nyama, igeuze, mimina supu. Ikichemka onja: chumvi yake izidi kidogo ile unayotaka kwenye wali, kwa kuwa mchele utainywa. Mimina mchele, koroga mara moja, acha wazi mpaka supu ilingane na uso wa mchele. Funika kabisa, punguza moto hadi mwisho, na kama una jiko la makaa weka makaa machache juu ya kifuniko. Dakika 20 bila kufunua wala kukoroga. Kukoroga huuvunja mchele na kuutoa wanga wake, na hapo ndipo pilau hugeuka uji. Ukikuta juu bado mbichi, nyunyiza ile robo kikombe na ufunike dakika 5 zaidi.

Keki nitakugusia tu kwa sababu ya watoto. Hewa ya huko ni nyepesi, gesi ya bekingi pauda hupanuka upesi, keki huinuka kabla unga haujashika, kisha inazama katikati. Pishi likisema vijiko viwili vya chai, tia kimoja na nusu, na ongeza maziwa vijiko vikubwa viwili au vitatu.

Sasa uniruhusu nikueleze mambo ya kuokoa, kwa sababu naona hofu yako kubwa ni hasara. Chakula kikiungua chini usikikoroge wala kukwangua. Hamishia cha juu kwenye sufuria nyingine, kionje, na mara nyingi kimesalimika. Pilipili ikizidi tia tui au maziwa, maana maji hayaupunguzi ukali wake. Chumvi ikizidi, kile kiazi ambacho kila mtu atakushauri ukitie hakifanyi kazi: hunywa mchuzi pamoja na chumvi yake, na mchuzi unaobaki ni wa chumvi ileile. Ongeza nyanya, maji au tui, upate mchuzi mwingi zaidi. Ili usifike huko, kumbuka kilo moja ya nyama isiyo na mifupa inatosheka na vijiko viwili vya chai vya chumvi laini, vilivyofutwa sawasawa juu. Pilau ikiwa laini mno, itandaze kwenye sinia pana mvuke utoke dakika 10 kabla ya kupakua.

Soma pishi hadi mwisho kabla ya kushika kisu. Kuna yanayoficha muda: mstari wa saba ndipo unaambiwa nyama ililazwa kwenye maziwa lala tangu jana. Kisha kata kila kitu, pima viungo, panga vibakuli mezani, ndipo uwashe moto. Mpishi mgeni haharibu kwa kutojua. Huharibu akimenya saumu huku vitunguu vikiungua. Dakika zilizoandikwa zichukue kama tahadhari ya kwenda kutazama. Tafuta dalili: mafuta yamejitenga, mchele umelingana na supu, harufu ya bizari imebadilika.

Na nunua daftari la shilingi chache. Kila pishi liandikie ukurasa: kikombe ulichotumia, maji kiasi gani, moto wa gesi au makaa, dakika zilizopita kweli, na kasoro moja. Mara ya pili rekebisha kasoro hiyo pekee. Rudia pishi ndani ya wiki hiyohiyo, mkono ukiwa bado unakumbuka. Ukikaa miezi miwili unaanza upya.

Jumamosi basi, samaki wa nazi na wali mweupe. Pilau ingoje mpaka wiki ya tatu. Ukiipika niandikie ulitia supu vikombe vingapi na kama ile robo uliihitaji, maana sufuria yako ni pana na pana hupoteza mvuke zaidi, nami nitajua tupunguze au tuongeze wapi. Omena (dagaa) nitamkabidhi dereva wa matatu Ijumaa. Waoshe kwa maji ya moto mara tatu au nne mpaka mchanga uishe chini ya beseni, usiwaloweke wakavunjika, na uwakaange wakauke kabla ya kutia nyanya.

Msalimie shemeji.

Ni mimi rafiki yako,
Odhiambo