Ulilipia Miligramu 5 za Angiotensini II. Robo Imekwenda Wapi?

Barua ya malalamiko iliyotufikia safari hii ilikuwa na neno "wizi" kwenye mstari wa kwanza kabisa. Mtafiti amenunua kwetu kichupa cha miligramu 5 cha angiotensini II, homoni ya kupandisha shinikizo la damu ambayo ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino. Ameyeyusha unga wote kwenye mililita 5 za maji, amepima kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, na amekuta peptidi pungufu kwa robo. Lebo inasema usafi ni zaidi ya asilimia 98. Mizani inasema miligramu 5. Basi robo nzima imeliwa na nani?

Tumpe haki yake: angalau yeye alipima. Wengi hawapimi, wanaandika tu hesabu kwenye daftari na kuendelea. Kati ya asidi amino za peptidi hii kuna tirosini moja, na hiyo ndiyo inayofyonza mwanga wa nanomita 280, kwa kizidishi cha ufyonzaji cha 1490. Ukifanya hesabu, miligramu 1 ya peptidi halisi ndani ya mililita 1 inatakiwa isome karibu 1.42. Yeye alisoma 1.07. Kipimo chake ni sahihi. Na lebo yetu nayo ni sahihi.

Hiyo asilimia 98 inatoka kwenye mashine ya HPLC, inayotenganisha vitu vilivyochanganyika kwenye sampuli. Mashine inapitisha sampuli kwenye safu, yaani bomba lililojazwa chembechembe, kisha inatazama kinachotoka kwa mwanga wa nanomita 214 au 220, pale ambapo vifungo vya peptidi vinaonekana vizuri. Inachokwambia ni kwamba katika vitu vyote vya aina ya peptidi vilivyotoka, asilimia 98 ni kile ulichoagiza. Maji haiyaoni. Chumvi haizioni. Na unga wa peptidi, hata uwe umekaushwa kwa ugandishaji namna gani, haujawahi kuwa peptidi tupu. Kuuchukulia uzito wote kuwa peptidi ni kupima mzigo pamoja na gunia lake.

Gunia lenyewe tunaweza kulihesabu. Angiotensini II ni asidi amino nane kwa mpangilio huu: asidi aspatiki, arginini, valini, tirosini, isolusini, histidini, prolini, fenilalanini. Ina sehemu tatu zinazodaka asidi: amino ya mwanzo wa mnyororo, arginini na histidini. Sisi, kama karibu kila mtu kwenye kazi hii, tunasafisha kwa maji na asetonitrili yenye asidi ya trifluoroasetiki, yaani TFA, na kila moja ya sehemu hizo tatu inatoka na TFA yake mkononi. Molekuli ya peptidi ina uzito wa 1046. TFA tatu ni 342. Gawanya 1046 kwa 1388, unapata asilimia 75. Ndiyo ile robo.

Jambo hili limo kwenye cheti cha uchambuzi, kwenye mstari wa "kiasi halisi cha peptidi". Kiko ukurasa wa pili. Tunajua ukurasa wa pili hausomwi, lakini upo.

Sasa tuje kwenye njia za mkato ambazo wateja huzichukua ili kupunguza gharama. Mteja anapoagiza tunamuuliza kama anataka tupime kiasi halisi kwa uchambuzi wa asidi amino. Ni kazi ya ziada: sampuli inavunjwavunjwa kwa asidi kali na joto mpaka zibaki asidi amino mojamoja, kisha zinahesabiwa. Inalipiwa. Wengi wanasema hapana, tutatumia uzito wa mizani. Sawa. Lakini tazama ilivyolipa kundi moja lililokuwa linapandisha shinikizo la damu la panya kwa pampu ndogo zinazopandikizwa chini ya ngozi. Dozi yao ilikuwa nanogramu 1000 kwa kilo kwa dakika, siku 28. Kwa panya wa gramu 25 hiyo ni kama miligramu 1 kwa panya mmoja, bila kuhesabu kinachobaki ndani ya pampu. Peptidi si nyingi, lakini panya, pampu, upasuaji na mwezi mzima wa kupima shinikizo ni gharama ambayo wao wanaijua kuliko sisi.

Kwa nusu ya kwanza ya panya walitumia unga wetu wa TFA. Kwa nusu ya pili wakanunua kwingine, kwa bei nafuu, unga wa asetati, yaani wenye asetati mahali pa TFA. Matokeo yakapishana. Wakalaumu panya, wakalaumu aliyefanya upasuaji, mwisho wakatulaumu sisi. Tukawaomba vyeti vyote viwili. Asetati ni nyepesi: hata peptidi ikibeba zote tatu, bado peptidi ni kama asilimia 85 ya uzito. Kwa hiyo kundi la kwanza lilikuwa linapata nanogramu 750 hivi na la pili karibu 850, na daftari linasema 1000 kote. Wakarudia jaribio zima. Uchambuzi walioukataa ungewagharimu chini ya pampu chache.

Mkato wa pili ni kuagiza unga ambao haujasafishwa. "Ni kwa jaribio la awali tu," wanasema. Hapa huwa tunabishana na mteja hadharani, kwa sababu angiotensini II ni peptidi mbaya kwa mchezo huo. Mnyororo hujengwa kuanzia mkiani: fenilalanini inatangulia kukaa kwenye resini, chembe ngumu zinazoushikilia mnyororo, asidi aspatiki inafika mwisho. Kuna miunganisho saba. Hata kila mmoja ukifaulu kwa asilimia 99, ukimaliza saba umebaki na 93. Na ule wa mwisho ukigoma, kinachobaki si takataka iliyolala. Ni angiotensini III, asidi amino saba, ambayo nayo inashika vipokezi vya AT1, vilevile ambavyo angiotensini II inavitumia kwenye seli, na kupandisha shinikizo. Uchafu wako unafanya kazi ileile ya dawa yako, kwa nguvu tofauti. Maabara moja ilihangaika na michoro ya dozi na mwitikio isiyotulia mpaka ikatuletea unga wao tuupitishe kwenye spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli. Pembeni ya 1046 palisimama 931, wazi kabisa. Wakaagiza safi. Wamelipa mara mbili, na muda wao haurudi.

Spektromita yenyewe inaleta kesi zake. Kuna aliyetuandikia kwamba tumemuuzia nusu molekuli, kwa sababu kilele kikubwa kwenye picha yake kilikuwa 523.8. Ndugu mteja, hiyo ni molekuli nzima iliyobeba chaji mbili. Mashine inagawa uzito kwa chaji. Mwingine alilinganisha bei yetu na ya muuzaji mwingine bila kuona kwamba ile ya nafuu ilikuwa na valini kwenye nafasi ya tano badala ya isolusini. Hiyo ni ya ng'ombe. Ya binadamu na panya ina isolusini.

Na kuna malalamiko ya "peptidi yenu imekufa". Hapa tunauliza maswali kabla ya kujibu, na mara nyingi jibu linatoka kwa mteja mwenyewe. Kichupa kimetolewa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri na kufunguliwa hapohapo kikiwa baridi, hewa yenye unyevu ikaingia na kutulia kwenye unga. Kiache kwanza kifikie joto la chumba ndani ya chombo cha kukaushia, kizungushe kwenye sentrifuji ili unga ulioshika kifuniko ushuke, ndipo ufungue. Tena usishangae ukiona kama kitupu; miligramu moja inaweza kuwa utando mwembamba kwenye ukuta wa kioo. Yeyusha yote kwa mara moja, gawa kwenye vichupa vidogo, gandisha. Anayegandisha na kuyeyusha kichupa kilekile kila wiki anajiharibia mwenyewe. Na mmumunyo mwepesi sana, wa kiwango cha nanomola, ukiukalisha kwenye plastiki ya kawaida, sehemu ya peptidi inang'ang'ania ukutani. Protini ya albumini kidogo, asilimia 0.1, inasaidia.

Kuna pia aliyeitia peptidi hii mara mbili kwenye kipande kilekile cha mshipa wa damu, mara ya pili mshipa ukajibu kwa unyonge, akadai unga umeoza mezani. Vipokezi vya AT1 vikishashtuliwa vinazama ndani ya seli. Osha, subiri, kisha jaribu tena kabla ya kutushtaki. Kwenye damu hali ni ngumu zaidi, maana vimeng'enya vinaikatakata homoni hii ndani ya muda usiofika dakika moja. Ndiyo maana watu wanatumia pampu, si sindano moja asubuhi.

Kuhusu bei, hatutaomba radhi. Kuitoa TFA na kuweka asetati kwa wale wanaofanya kazi na seli ni kupitisha bidhaa kwenye safu upya, na kila ikipita kuna inayopotea. Hiyo inayopotea tumeitengeneza sisi. Kila toleo, yaani kila awamu ya utengenezaji, linapimwa kwa HPLC na spektromita kabla ya kujazwa, na toleo ambalo halikufika asilimia 98 haliendi kwa mteja kwa jina jingine.

Wanaotupigia kuulizia kwa ajili ya mgonjwa tunawajibu hapana, na tutaendelea kuwajibu hivyo. Angiotensini II ya hospitali ipo, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliiidhinisha mwaka 2017 kwa watu wazima walio kwenye mshtuko wa septiki, na inatengenezwa kwa masharti ambayo unga wa maabara hauyatimizi.

Fomu ya oda sasa ina kisanduku cha kuchagua uzito: wa unga au wa peptidi halisi. Ukichagua peptidi halisi, bei inapanda, kwa sababu ili upate miligramu 5 za peptidi tunajaza karibu miligramu 6.7 za unga wa TFA na kufanya uchambuzi wa asidi amino kwa toleo lako. Usipochagua kitu, tunajaza kwa uzito wa unga, na asilimia iliyomo utaikuta kwenye cheti, ukurasa wa pili.