Majibu ya maji yale hayajarudi: barua kwa vijana wa tawi letu la wanakemia

Wanangu wa tawi,

Marahaba. Salamu zenu zimenifika pamoja na ratiba ya mwaka mliyoniomba niipitie. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Ningeweza kumpigia mwenyekiti simu tukayamaliza wawili, lakini ninayotaka kuyasema yanatuhusu sisi wazee kabla hayajawahusu ninyi, na si haki kuyasemea pembeni. Ndiyo maana naandika wazi.

Kwenye ratiba nimeona mkutano mkuu wa mjini Arusha, kifungua kinywa cha wanawake wanakemia mwezi Februari, ziara za mashuleni, mafunzo ya usalama wa maabara, safari ya kiwandani na hafla ya kufunga mwaka. Nimeona bajeti ya ukumbi, mabango na fulana. Fulana sizikatai, kijana akivaa jina la taaluma yake kifuani anajisikia mtu. Ila nimetafuta mstari mmoja katika kurasa zote nne nikaukosa: nani tutampimia nini, na majibu yake atayapata lini.

Nitawaeleza kwa nini mstari huo unanikosesha usingizi.

Mwishoni mwa miaka ya themanini tulikuwa wanakemia wachache mkoani, chama tunakiendesha kwa michango ya mifukoni. Jumamosi moja tulikwenda kijiji kimoja chini ya Mlima Meru kupima floraidi, madini ya kwenye maji ambayo yakizidi yanaharibu meno. Tulibeba chupa za plastiki, maana floraidi haipatani na kioo, tukachota kwenye visima, chemchemi na mfereji. Mama mmoja alitushikia kamba ya ndoo ya kisima chake. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na kaka wa yule mtoto alisimama kando akitutazama. Kila tulipomchekesha, alicheka kiganja kikiwa mdomoni. Sote tulijua anaficha nini: meno yenye mabaka ya kahawia, kama ya nusu ya watoto wenzake pale.

Yule mama aliniuliza, "Mtatuambia?"

Nikamjibu, "Tutawaambia, mama."

Tulipima. Wakati ule nchi bado ilikuwa na kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita, kwa sababu maeneo mengi ya kaskazini yasingeweza kufikia kile cha kimataifa. Baadaye kilishushwa hadi 4, na sasa tunafuata 1.5. Kisima cha yule mama kilivuka hata ile 8. Lakini katika jedwali lile lile kulikuwa na chemchemi, mwendo wa dakika ishirini hivi juu ya kijiji, ambayo haikufika 2. Ninyi mnajua miamba ya volkeno ilivyo: mita mia chache tu na maji yamebadilika kabisa. Tuliandika ripoti nzuri, tukaisoma kwenye mkutano wetu mjini, tukapigiwa makofi, tukala wali.

Kijijini hakurudi mtu. Mara gari hakuna, mara mvua, kisha mmoja wetu akahamishwa, kisha kila mtu akawa na lake.

Ilipita miaka kumi na moja. Siku hiyo nilikuwa nachagua ndizi soko la Tengeru, nikasikia, "Mwalimu wa maji!" Alikuwa yeye. Alinikumbatia, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akauliza bila hasira yoyote: "Majibu yetu yako wapi?" Pembeni yake alisimama msichana mrefu, ndiye yule wa mgongoni, anamsaidia mama yake kupanga mikungu. Nilimsalimia. Akacheka, kiganja mdomoni.

Wanangu, mnajua kinachonichoma hapo. Tabaka la juu la meno ya ukubwani linajijenga tangu mtoto azaliwe hadi miaka minane hivi. Floraidi iliyozidi inaharibu wakati huo, na likishamaliza kujijenga hakuna maji safi ya kulirudisha. Siku tuliyochota maji, yule msichana alikuwa na miaka yote minane mbele yake. Hatukuhitaji mtambo wala mfadhili. Tulihitaji kurudi Jumamosi iliyofuata na sentensi moja: maji ya kunywa na kupikia watoto yachoteni chemchemi ya juu, ya kisima yafulie. Sentensi hiyo tulikuwa nayo. Ilikaa kwenye faili.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na mengine yote yanatoka hapo: tawi lisichukue sampuli ya mtu yeyote kama halijaandika tarehe ya kumrudishia majibu. Tarehe hiyo iingie kwenye ratiba kwa herufi zile zile za mkutano mkuu, na nauli yake iingie kwenye bajeti kabla ya fulana. Pesa zikipungua, ipunguzwe idadi ya sampuli. Safari ya kurudi isiguswe.

Kurudisha majibu nako kuna adabu yake. Anzeni na mwenye kisima, nyumbani kwake, kabla ya mkutano wa hadhara. Mtu asisikie habari za maji yake mbele ya majirani. Msimwambie miligramu kwa lita mkaondoka. Mwambieni maji haya yanamfaa nani na kwa kazi gani, na hayamfai nani. Mwambieni pia kwamba mmepima mara moja, kiangazi, na masika huenda namba ikabadilika, kwa hiyo mtarudia. Watu wanaelewa kabisa kipimo kinachorudiwa, hata daktari anawarudisha. Na msikifunge kisima cha mtu kwa maneno kama hamjui atachota wapi kesho asubuhi.

Tena ulizeni jikoni. Kwa miaka mingi sisi tulipima maji tu, tukasahau magadi. Kaskazini yote tunaweka magadi kwenye makande ili maharage na mahindi yaive upesi, na magadi ya kuokota kwenye kingo za mabonde yetu ya chumvi yanaweza kuwa na floraidi nyingi, tena inatofautiana sana kutoka fungu hadi fungu sokoni. Familia ikahamia chemchemi nzuri halafu ikaendelea na magadi yale yale, mtawaambia nini meno yasipobadilika? Hiyo ni kazi inayolingana kabisa na tawi: nunueni mafungu ya magadi masoko tofauti, pimeni, na majibu myapeleke kwa akina mama wanaoyauza na wanaoyapikia.

Safari ya kiwandani nimeipenda, lakini naomba mwaka huu iwe Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, mkaone mkaa wa mifupa. Nataka kila kijana aushike mkononi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, na rangi ndiyo inayokwambia kama fundi amepatia. Ukitoka kahawia, haujaiva, bado una mafuta na maji yatanuka. Ukitoka mweupe, umeungua kupita kiasi na uwezo wake wa kushika floraidi umeshuka sana. Mnautaka wa kijivu hadi mweusi. Darasani mlifundishwa kwamba madini ya mfupa yanaachia haidroksidi na kupokea floraidi. Pale mtauona mlinganyo huo ukiwa ndani ya ndoo yenye bomba. Na mtajifunza jambo ambalo ubaoni halipo, kwamba mkaa unashiba. Ukishashiba, ndoo inaendelea kutoa maji yanayong'aa, hayana ladha mbaya, na floraidi inapita yote. Bila mtu wa kurudi kupima, ile ndoo ni tumaini la bure. Wenzetu wa Nakuru, kwa mradi wa maji wa Jimbo Katoliki, wameishi na mkaa huu miaka mingi. Waandikieni, ni majirani.

Sasa mashule. Mmeandika "kuhamasisha wanafunzi wapende kemia". Mtoto anayesoma praktiko kwa picha ya bureti ubaoni hamtamhamasisha kwa hotuba, mpeni kitu cha kupima. Mwaka 2011, Mwaka wa Kimataifa wa Kemia, ulipotimia mwaka wa 100 tangu Marie Curie apewe Nobeli ya kemia, wanafunzi duniani kote walialikwa kupima maji ya kwao na kuweka namba zao kwenye ramani moja. Nilikaa na darasa la shule ya kata, watoto sitini na kopo moja la karatasi za pH, zile zinazobadilika rangi kuonesha ukali wa tindikali. Tulikata kila karatasi vipande vitatu ili zitoshe. Kulikuwa na mvulana aliyepima maji ya mfereji unaopita nyuma ya kwao, akarudia mara nne, akaniambia, "Bibi, nikiandika vibaya ramani yote itakuwa ya uongo." Sijawahi kusikia mtu mzima akiisema taaluma yetu vizuri hivyo.

Na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vikikosekana, chukueni rozela, ile mnayotengenezea juisi. Chemsheni maua makavu kidogo, chujeni, mtapata maji mekundu. Tone la ndimu yanabaki mekundu, magadi kidogo yanageuka kuelekea kijani. Darasa zima linafanya kwa fedha ya soda mbili. Kisha waacheni watoto wapime vitu vyao: sabuni ya nyumbani, maziwa yaliyoganda, majivu ya jiko. Muda wa hotuba ya mgeni rasmi mnaweza kuupunguza, hatachukia akiona watoto wanafanya kazi.

Kuna majibu mazito zaidi ya meno. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, familia zilizokula mahindi yao wenyewe. Kenya mwaka 2004 ilikuwa imeshapoteza watu 125. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukijua na moto wa jikoni haukimalizi. Mkiingia kwenye kazi hiyo, na naomba muingie, shikeni uchotaji wa sampuli kuliko mashine. Kuvu halienei sawasawa kwenye gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na ukichota juu juu utamwambia mkulima yuko salama kumbe siyo. Choteni juu, katikati na chini, sageni fungu kubwa pamoja, ndipo mpime.

Halafu litakuja jaribu. Mkulima ana magunia kumi ya kulisha watoto na kulipia ada, na ninyi mna namba mbaya mkononi. Mtatamani kunyamaza, au kuiweka namba kwenye mada ya mkutano bila jina la kijiji. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo hakitamuumbua mwenye kuficha bali mtoto wa mwingine. Nendeni na afisa ugani na afisa afya, mfike mkiwa na njia ya kumsaidia: punje zilizovunjika na zenye ukungu zichambuliwe zitupwe, mavuno yajayo yaanikwe juu ya turubai na siyo udongoni, ghalani yaingie yakiwa yamekauka kweli. Na kama yamezidi kabisa, mwambieni wazi yasiliwe, wala yasilishwe kuku na ng'ombe, mkae naye wakati anaumia.

Wasichana wangu wa kamati ya kifungua kinywa, ninyi mko kwenye desturi nzuri. Kilianza duniani mwaka ule ule wa 2011, na tangu 2019 kimekuwa cha kila mwaka. Mwaka huu punguzeni meza ya hotelini, waiteni dada wa saluni na wauza vipodozi. Wapo wanaochanganya mkorogo kwa mikono mitupu, asubuhi hadi jioni. Waelezeni kwamba zebaki kwenye krimu inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, na kwamba inapita ngozini hadi kwenye figo, ya mteja na ya wao wanaopaka. Waleteni na krimu zao, mchukue sampuli kwa ridhaa yao bila kuandika jina la duka, na siku hiyo hiyo muwape tarehe ya majibu. Chai mtakunywa, ila vikombe viwe vingi zaidi.

Hafla ya mwisho wa mwaka fanyeni. Mmefanya kazi, mle na mcheze.

Mnaosubiri usajili wa Baraza la wanakemia, najua mnatafuta vyeti vya kuhudhuria mikutano. Vitafuteni. Tangu sheria ya wanakemia ya 2016 jina hili "mkemia" lina mlinzi, jambo ambalo sisi hatukuwa nalo. Ila mkutanoni naomba kila atakayesoma mada yenye sampuli za watu, slaidi yake ya mwisho ioneshe siku aliyorudi na nani alipokea majibu. Kama hajarudi, asisome bado. Mwambieni ni ombi la bibi.

Lipo deni moja ambalo siwezi kuwaachia bila kuwaambia lilipo. Daftari la Jumamosi ile ninalo. Jalada limeliwa na mchwa pembeni, lakini namba zote zinasomeka, chupa 1 hadi 23, na kwa kila chupa nimeandika jina la mwenye kisima na mti ulio karibu. Yule mama hayupo tena, alizikwa miaka sita iliyopita. Binti yake yupo, ana watoto wawili, mdogo hajaanza shule. Nimeshaongea naye na mwenyekiti wa kitongoji.

Naomba Jumamosi ya pili ya Septemba, kabla ya vuli. Nahitaji watu wanne, elektrodi ya floraidi, yaani kipimo chake, iliyokaguliwa wiki hiyo hiyo, chupa za plastiki thelathini, na mtu mwenye gari la juu, maana njia ya chemchemi ni mawe. Wiki mbili baadaye, Jumamosi, tunarudi na majibu. Tarehe zote mbili nimeshampa binti.

Bibi yenu wa maabara