Taa zote za dashibodi zimewaka? Usikimbilie kununua kontroli boksi (kompyuta ya gari)

Hapa gereji yetu Kisumu hii kesi haiishi. Gari inaingia dashibodi imejaa taa, cheki injini, ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge), steringi, eabagi, zote pamoja, na mwenye gari ashaambiwa huko alikotoka kwamba kontroli boksi imekufa atafute ingine. Sasa kabla hujatoa pesa soma hii, kwa sababu mara nyingi hiyo boksi iko sawa kabisa, shida ni kwamba haisikiki na wenzake.

Gari za siku hizi hazina kompyuta moja. Hata Vitz ya kawaida tu iko na boksi ya injini, ya ABS, ya steringi ya umeme, ya eabagi, dashibodi yenyewe pia ni boksi, na zingine za milango na taa. Zamani kila kitu kilikuwa na waya wake na mkungu wa waya ukawa unanenepa kila modeli mpya ikitoka, ndio Bosch wa Ujerumani wakaanza kutengeneza mfumo unaitwa CAN mwaka wa 1983 na kuutoa hadharani 1986. Waya mbili tu zimesokotwa pamoja, na boksi zote zimejiunga hapo.

Chukulia ni kama grupu ya WhatsApp ya ukoo. Hakuna anayepigia mwenzake kando, kila mtu anatupa ujumbe mle ndani, wote wanauona, anayeuhitaji anauchukua na asiyeuhitaji anaupita. ABS ikisoma spidi ya magurudumu inatupa hiyo namba, dashibodi inaichukua isukume mshale, giaboksi inaichukua ijue ibadilishe gia lini, steringi nayo inaichukua ijue ikaze au ilegee. Ndio maana kitu kidogo kwa ABS kikiharibika unaona gia zinaanza vituko na mtu anaenda kumwaga oili ya giaboksi bure! Na boksi mbili zikianza kuongea wakati mmoja, ile ujumbe wake una namba ndogo ya utambulisho ndio inapita, ingine inangoja kidogo halafu inarudia. Kwa gari nyingi hii yote inaenda kwa kasi ya biti 500,000 kwa sekunde.

Sasa tukiunganisha skana (mashine ya kusoma hitilafu za gari) tunapata kodi, yaani namba za hitilafu, zinazoanza na U. U0100 ni kusema mawasiliano na boksi ya injini yamepotea, U0121 ni ABS. Hapa ndio watu wengi wanapotea, maana hiyo kodi haisemi boksi imekufa, inasema kuna boksi ingine imeingoja na haijaisikia. Kwa hivyo sisi tunaangalia nani analalamika. Kama wote wanalilia ABS peke yake tunaenda pale kwa ABS tupime moto (umeme) wake, athi (waya ya ardhi) yake na zile waya mbili. Kama skana haipati mtu yeyote, basi njia kuu yenyewe, zile waya mbili, imekatika ama imegusana mahali.

Kipimo cha kwanza hata hakihitaji skana ya bei. Tunazima gari, tunatoa betri, tunaweka mita kwa pini ya 6 na ya 14 za ile soketi iko chini ya steringi. Kila mwisho wa zile waya kuna rezista ya ohm 120, kwa hivyo zote mbili zikiwa hai unasoma karibu 60. Ukipata 120 jua upande mmoja umeachana, ukipata karibu na sufuri waya zimegusana. Kuna gari zingine zina boksi ya katikati inayochuja mawasiliano, kwa hizo lazima tuingie ndani zaidi, lakini Probox, Fielder na Demio nyingi za hapa hii inatupa mwanga haraka.

Fielder moja ililetwa kwa kamba kutoka upande wa Kibos, inalala karibu na miwa, na mwenyewe alikuwa tayari kuagiza boksi ya injini. Mita ilisoma 120. Tulifuata waya hadi nyuma ya betri tukapata panya ametafuna moja ya zile mbili, ameacha shaba inaning'inia na mavi yake hapo juu. Tuliunganisha kwa kuchomea risasi, tukairudisha kwa msokoto wake (msokoto ndio unazuia kelele za umeme, usikubali fundi aziache zimenyooka zikiwa mbalimbali), ikawaka.

Panya ni mmoja tu. Traka na alaramu zinazofungwa haraka haraka kwa kuchubua waya yoyote zinatusumbua zaidi, na pia kuosha injini kwa presha, na betri iliyochoka. Betri ikishuka sana wakati wa kupiga stata boksi zinazimika na kuwaka tena, zinaacha kodi za U kibao ambazo ukibadilisha betri na kuzifuta hazirudi. Na tafadhali, ukichomelewa bodi toa betri kwanza.

Ikifika mahali boksi kweli imekufa, na hutokea, usinunue tu ya mitumba ukadhani ni kuchomeka. Boksi ya injini kwa gari nyingi imeoanishwa na funguo za gari yake, ukiweka ya gari ingine itazungusha stata lakini haiwaki hadi ioanishwe na funguo zako. Hiyo kazi tunafanya.

Ukija, kuja na funguo zote ulizonazo, tuambie kama kuna traka ama redio iliwekwa juzi, na usikubali mtu afute kodi njiani kwa sababu tunataka kuziona. Kupima kunalipiwa peke yake, na kama umeamua tutengeneze hiyo ada inaingia kwa bili.