Jalada la simu lisipelekwe kwa mpiga chapa

Ndugu Mhariri,

Siku hizi mwandishi wa hapa Tanga akimaliza muswada humwomba kijana mwenye programu ya simu amtengenezee jalada. Picha hiyo hurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, kisha ileile hupelekwa kwa mpiga chapa. Kijana hana kosa, hakuna aliyemwambia kwamba hizo ni kazi mbili na zinataka mafaili mawili.

Kwenye simu, ambako wanunuzi wengi hukiona kitabu kwanza, jalada ni dogo kama stempu. Ukibana humo jahazi, minazi, machweo na sura ya mwandishi, hubaki ukungu. Lipunguze hadi upana wa kidole gumba, ulitazame. Jina lisiposomeka, kuza herufi na uondoe picha mojawapo. Jalada jeupe nalo humezwa na ukurasa mweupe wa duka, kwa hiyo lizungushie mstari mwembamba wa kijivu.

Kwa mpiga chapa ndiko fedha zinakopotea. Kitabu cha A5 chenye kurasa 200 kina karatasi 100. Zikiwa na unene wa milimita 0.1 kila moja, mgongo ni milimita 10. Ukurasa wa A5 ni milimita 148 kwa 210. Chukua 148 mara mbili, jumlisha 10 za mgongo, kisha 3 za kukatwa kila upande, juu na chini pia: jalada zima ni milimita 312 kwa 216. Bila hizo 3, kisu kikiyumba kidogo tu kinaacha uzi mweupe ukingoni. Na kurasa zikiongezwa dakika za mwisho, mgongo upigiwe hesabu upya, la sivyo jina lake litahamia ubavuni.

Upande wa mbele pekee unahitaji pikseli 1,748 kwa 2,480 ili uchapwe kwa nukta 300 kwa inchi. WhatsApp huibana picha, basi tuma PDF kama waraka. Rangi nazo hudanganya: kioo hutoa mwanga, mashine hupaka wino, na ile bluu ya bahari inayong'aa kwenye simu hutoka imefifia. Dai nakala moja ya majaribio kabla ya kuruhusu 500.

Msimbomilia wa ISBN, yaani ile milia ya namba ya utambulisho wa kitabu, uwe mweusi juu ya weupe. Milia myekundu hupendeza, ila mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, hivyo haziioni.

Liko pia la kwetu watu wa pwani. Jalada lililopakwa plastiki upande wa nje tu hujikunja kama ngozi iliyoanikwa, kwa sababu upande wa ndani hunywa unyevu na kutanuka, wa nje haunywi. Mwombe mpiga chapa nyuzi za karatasi zifuate urefu wa mgongo, na vitabu vilazwe chini ya uzito, visisimamishwe, mpaka siku ya kuuzwa.

Msanifu wa vitabu,
Ngamiani, Tanga