Barua kwa mwanangu Hamad, kabla hujavuka Dar

Hamad mwanangu, assalaam alaykum,

Mie sijambo, babaako hajambo, presha iko vile vile usianze kuniuliza. Ujumbe wako wa kwamba Jumapili unavuka Dar kuanza kazi mpya nimeusoma, halafu nikamwambia Zuwena anisomee kwa sauti mana nilidhani sikufahamu. Kazi nimefurahi. Mshahara nimefurahi zaidi, alhamdulillah, na mtaa mzima hapa Wete wameshajua (aliewambia simjui). Kilichonikaa rohoni ni lile neno la chini kabisa, ulilolitia kama vile halina uzito, kwamba hiyo kampuni ni ya malipo ya simu kwa hivo kuna zamu za usiku, sava (ile kompyuta kubwa inayoweka vitu vya wateja) ikianguka saa nane ya usiku simu yako inalia unaamka unarekebisha. Halafu ukaweka kikatuni kinacheka. Mie sikucheka.

Nambie basi, unaamka saa nane ya usiku, macho hata hayajafunguka, ndo unatia mkono kwenye pesa za watu?

Na wala usinambie mama hujui kazi hizi. Weye mwenyewe ndo ulinihadithia pale barazani khabari ya yule kijana wa GitLab, kampuni inayowawekea waandishi wa programu kazi zao, ukacheka mpaka chai ikakupalia, mie usiku ule nikakosa usingizi kwa ajili ya mtoto wa watu nisiemjua. Ilikuwa tarehe 31 Januari 2017, usiku, kijana kachoka, anahangaika na mashine iliyokuwa inasuasua, akataka kufuta data kwenye sava moja kumbe yumo kwenye nyengine, ile yenye vitu vya kweli vya wateja. Kuja kushtuka na kuisimamisha, kwenye gigabaiti kama 300 zimebakia 4 na nusu. Na zile njia zao tano za kuweka akiba, ikaonekana hata moja haikuwa sawasawa! Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa masaa sita kabla kwa shughuli nyengine kabisa, na vya masaa sita hayo ndo vishakwenda. Halafu wakakaa wanarekebisha YouTube moja kwa moja dunia inawaangalia. Hilo la kutoficha naliheshimu, wallahi. Lakini ungekuwa weye ningejifungia ndani.

Sasa yule alikuwa mjinga? Aka! Uliniambia mwenyewe hakuwa mjinga, alikuwa na usingizi tu.

Kwa hivo nasema na ntarudia kusema, usiguse kitu una usingizi.

Najua utanijibu kama siku zote, "mama sisi tunaweza kurudisha nyuma". Mie nimeshona miaka yote hii, kitambaa kikishapita mkasi hakirudi nyuma, na gauni la harusi likikatwa usiku kwa taa ya chemli mkono wa kulia unaweza kuwa mfupi kuliko wa kushoto, bibi harusi akashika shada la maua kwa namna ya kuuficha, mengine muulize shangazi yako mie sitaki kuyazungumza. Weye una bahati ya kurudisha nyuma, haya, lakini mbona yule wa GitLab hakurudisha? Na wateja wako mbona ni walewale wangu? Anakuja anataka kama ya fulani lakini isiwe kama ya fulani, rangi aipendayo ataijua akiiona, aitaka kesho, pesa mwisho wa mwezi. Ulivokuwa unanipigia simu kulalamika kwamba yule mteja kabadilisha kitufe kijani kiwe buluu halafu karudi kwenye kijani cha mwanzo nilikuwa nakuskiliza huku natabasamu, nikijisemea mtoto huyu hatimae kaijua kazi ya mamaake.

Ulipokuja Idi bibi yako alikuskia chumbani unasema peke yako, "sasa weye unataka nini?" Akajua umeingiliwa na jini, akataka aitwe mwalimu aje akusomee. Nikamwambia bibi, anasema na kompyuta. Akajibu basi ndo hivohivo. Umekaa toka adhuhuri mpaka magharibi, changu wa kukaanga kapoa, unatoka uso umekunja, nauliza nini, unasema ni koma, kile kialama cha kwenye maandishi. Koma moja! Siku ya pili ukatoka uso mbaya zaidi nikauliza bado haifanyi kazi, ukasema "inafanya kazi, na sijui kwanini". Sijaona mtu anaogopa heri kama vile.

Nami nimechangia kazi yako ijapokuwa hujawahi kulisema mbele za watu. Ile programu ya kukumbusha wagonjwa dawa mliyomfanyia yule mteja, nani alijaribiwa? Mie. Mkaweka sehemu ya kuandika saa, muuguzi wa watu akaambiwa mama huyu anakunywa dawa saa mbili asubuhi, akaandika 2:00 kama mtu yeyote mwenye akili zake angeandika, matokeo yake simu yangu inalia saa nane ya usiku, "Bi Mkubwa, wakati wa dawa umefika". Babaako akaruka akidhani kuna msiba. Nikakwambia, ukarekebisha, ukaongeza masaa sita kwa kila mtu, ikawa sasa mie niko sawa lakini wale ambao muuguzi wao kasoma kompyuta na aliandika 8:00 mwenyewe wanapata ukumbusho saa nane ya mchana. Nakumbuka ulinambia umeirekebisha ile ya kwanza alfajiri bila kulala. Hapo ndo pangu. Mtu aliezaliwa Pemba, kakulia kwenye saa moja ya asubuhi na saa moja ya jioni, anasahau kwamba saa ya Mswahili inaanza kuhesabu jua likichomoza? Huo si ujinga mwanangu, ni usingizi.

Ila la majina sikulaumu, hilo lilikuwa la fomu za wenyewe huko zilikotoka. Inataka jina la kwanza na jina la ukoo, sisi ukoo gani, mtu ana jina lake, la babaake na la babu yake bas. Bi Time akaandika "sina". Na huyu jirani Kombo Faki Kombo programu ikasema umerudia jina lako, hakikisha. Akahakikisha, ikakataa. Kaondoka na hasira anasema babu yake amekataliwa na kompyuta. Mpaka leo nikipita mlangoni kwake ananiuliza kama mwanangu kesharuhusu babu.

Halafu Ijumaa. Ile Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 bado inaniogopesha, redio ikawa inasema ndege zimesimama, mabenki, mahospitali, kompyuta zinawaka buluu nchi kwa nchi, nikakupigia mbio kukuuliza kama umegusa kitu. Ulicheka ukanambia ni kampuni ya Marekani ya kulinda kompyuta, CrowdStrike, imepandisha apdeti yenye kasoro, na baadae zikatajwa kompyuta za Windows kama milioni 8 na nusu. Ukaongeza kwamba makao yao yako Texas na kwa saa za huko ilipopandishwa ilikuwa saa tano ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Saa tano ya usiku! Ulilisema kama jambo dogo. Mie sidai kwamba walikuwa na usingizi, simjui aliebonyeza wala sikuwepo, nasema tu kwamba kila hadithi unayoniletea ina usiku ndani yake na weye ndo unakwenda kuajiriwa usiku.

Utasema watu hawawezi kusubiri mpaka kuche. Kwanini wasiweze? Umeme wa Unguja ulipokatika toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 watu hawakuishi? Waliishi, kwa majenereta na kwa kulalamika. Mei 2024 zile nyaya za chini ya bahari zilipokatika intaneti ikawa inakokota siku kadhaa, watu walilipana noti mkononi kama zamani, sokoni hakuna aliekufa kwa kukosa apu. Babaako hapa pembeni ananambia mwambie kuna mtu yuko hospitali na mgonjwa wake usiku, pesa imo kwenye simu, haitoki. Hilo nimekaa nalo jana mchana kutwa na sina jibu lake. Kama ni hivo bas, amka. Lakini utie udhu kwanza, maji ya baridi usoni, na umuamshe mwenzio muangalie wawili kabla hamjabonyeza, mana ukiwa peke yako na usingizi unasoma unachotaka kukisoma si kilichoandikwa. Hao mabosi wako wapya waulize kabla hujatia saini zamu ni mara ngapi kwa mwezi, na aliekesha anapumzika kesho yake au anaingia mitingi ya asubuhi vilevile. Uliza, usione haya. Weye una tabia ya kuona haya kwa mabosi na kunikalia mie kwa ukali.

Na hiyo ya mwaka 2038 ulionambia, kwamba tarehe 19 Januari kompyuta zilizojengwa kwa mtindo wa kizamani hesabu yao ya sekunde inajaa na zitaona tarehe imerudi mwaka 1901, hiyo usinifiche, una zamu siku hiyo? Umesema kwa saa zetu itakuwa saa kumi na mbili na robo hivi asubuhi. Heri, utakuwa umeshasali. Lakini bado, omba ruhusa mapema.

Haya. Majamvi nimeyatoa, karafuu za shamba la juu zimeanza kuiva na mawingu yamekaa vibaya, tukianika mtu mmoja hafai kuondoka uwanjani. Zuwena hachumi anasema anaumwa mgongo, na mgongo huohuo hauumi akiwa na simu. Mbuzi yule mweupe kazaa pacha. Mjomba wako kaleta rimoti, na jirani wa nyuma kaleta printa, na mtoto wa Bi Time kaleta simu iliyosahaulika paswadi ambayo mie siamini kama ni yake, vyote viko kwenye kabati lako vinakusubiri mana watu wanajua unatengeneza kompyuta. Nilijaribu kuwaeleza kwamba weye hutengenezi, unaandika, mjomba akauliza unaandika nini na nikaona hata mie siwezi kumaliza hiyo sentensi. Bas printa iangalie siku ukija.

Nimekufungia mkate wa kumimina na halua, hamali wa Mkoani atakuja nao kwenye boti ya kesho, mpokee mwenyewe usimtume mtu, mwaka jana halua ilifika robo. Huko Dar usiishi kwa chipsi. Ile miwani ya kusomea niliyokwambia si lazima iwe ya ghali, mie nataka ya kuona tundu la sindano tu.

Babaako anasema anaona fahari. Hajaniambia nikuandikie, kalisema msikitini nikaletewa.

Na jengine, ile tokeni ya tukuza, ya umeme, uliyotutumia imekataa. Nimeingiza, kaingiza Zuwena, kaja jirani kaingiza, mita inasema kosa. Mwisho Zuwena kahesabu, tarakimu zinatakiwa 20 na zilizokuja ni 19, umedondosha moja wakati unakopi. Nikaangalia ujumbe umetumwa lini: saa tisa kasorobo ya usiku. Itume tena, ila lala kwanza.

Mamaako.