Mbwa anayevuta asifungwe shingoni

Mhariri,

Kila Jumamosi katika Msitu wa Karura naona mbwa wakubwa wakikohoa kwa kuvuta kamba iliyofungwa shingoni. Inaniuma sana. Mbwa wangu Simba, German Shepherd mwenye manyoya marefu, kilo 41, alikuwa vivyo hivyo. Nikamnunulia mikanda ya kifuani yenye pete ya kufungia kamba mbele: akivuta, anageuzwa ubavu na kasi inakatika. Pete ikiwa mgongoni, anakokota kama punda wa mkokoteni.

Wenye mbwa wa manyoya mengi, tafadhali pimeni kifua kwa futi ya fundi cherehani, mkiibana hadi karibu na ngozi, maana manyoya hudanganya. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Mikanda ya kwanza ilimchubua kwapani, nami nikagundua siku ya kumchana tu.

Mfuga mbwa,
Nairobi