Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: Zitto sio kiongozi, Livingstone ndo kiongozi?

Mheshimiwa Afisa Elimu wa mkoa wetu wa Kigoma, habari za kazi. Mi ni mama lishe hapa Kibirizi, wali mgebuka mchana, chai na maandazi asubuhi, naandika kwa simu ya binti yangu kwahiyo herufi zikikosewa nivumilie.

Ni hivi. Binti yuko form three, wakapewa kazi ya uraia, kila mtu aandike habari za kiongozi mmoja aliyetokea mkoa huu. Yeye kamchagua Zitto Kabwe, mwanasiasa wa upinzani. Kurasa nne za mkono, kwa hicho kiingereza chao, kila akimaliza ukurasa ananitafsiria huku mi nakuna nazi. Kazi ikarudi na mstari mwekundu juu mpaka chini na neno moja pembeni, "siasa". Akaambiwa atafute mtu mwingine, tena akashauriwa Livingstone, si kuna kumbukumbu yake Ujiji. Livingstone jamani! Mzungu aliyekutwa na Stanley pale Ujiji mwaka 1871 akiwa hoi mgonjwa, ndo kiongozi aliyetokea Kigoma?

Shule siitaji na mwalimu simtaji, najua hana ubaya, anaogopa tu. Ndo maana nakuja kwako.

Sasa ngoja nikwambie kilichokuwemo maana wewe hujakiona. Kaandika kazaliwa Mwandiga hapo, 1976, mama yake marehemu Shida Salum alikuwa kiongozi wa watu wenye ulemavu, na 2005 akaingia bungeni kwa CHADEMA, Kigoma Kaskazini, ana miaka 29. Halafu Buzwagi. Hapa aliniuliza mimi maana yeye alikuwa hajazaliwa. Agosti 2007 ndo kwanza nimeanza biashara, redio nimeitundika kwenye msumari juu ya ndoo ya maji, kijana kasimama anahoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi kwanini waziri kausainia London, na mwishowe bunge likamsimamisha hadi Januari, ati kasema uongo. Wateja waliacha kula mheshimiwa, sahani zipo mbele wali unapoa, mzee mmoja wa mitumbwi akawa anasema kafukuzwa mtoto wetu kafukuzwa mtoto wetu, kwenda kulipa kanilipa mara mbili na mi nikanyamaza (Mungu anisamehe, siku zile mtaji ulikuwa mdogo). Haikupita muda Rais Kikwete huyohuyo wa CCM akamweka kwenye kamati ya Jaji Bomani ya kuangalia mambo ya madini, na 2010 sheria mpya ya madini ikatoka. Hiyo nayo ni siasa au ni uraia?

Na usidhani mtoto kampigia debe. Babu yake ni CCM wa kufa na kuzikana, kahojiwa naye, kamwambia andika na hili, huyo bwana kaiacha Kaskazini kaja mjini, na kule CHADEMA walimvua vyeo 2013, wakamfukuza Machi 2015, wenzake walimwita msaliti. Yote kayaandika. Kaandika akahamia ACT-Wazalendo na mwaka huohuo akachukua Kigoma Mjini, mbunge pekee wa chama kizima. Kaandika kesi ya uchochezi kuhusu mauaji ya Uvinza na kwamba 2020 mahakama ilimkuta na hatia, na Oktoba hiyohiyo akatangazwa kushindwa ubunge na Kilumbe Ng'enda wa CCM. Debe gani hilo lina hukumu ndani yake?

Kinachonisumbua zaidi ni Escrow, ile kashfa ya mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow Benki Kuu. Kamati ya hesabu za serikali iliyopeleka ripoti bungeni Novemba 2014 mwenyekiti wake alikuwa Zitto, Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu, lakini aliyelivalia njuga lile jambo toka mwanzo ni Kafulila, naye wa kwetu, Kigoma Kusini, wakati ule chama cha NCCR-Mageuzi na sasa yuko CCM. Je binti angemwandika Kafulila angepigwa mstari? Na Dokta Kabourou marehemu, mbunge wa mjini hapa kwa CHADEMA kisha akahamia CCM, yeye anaandikika? Yaani mtu awe historia mpaka ahame chama kwanza? Mwaka 2010 NCCR walipata wabunge wanne wa majimbo nchi nzima na wote wanne wametoka mkoa huu, sasa ukiwafuta wapinzani kwenye habari za viongozi wa Kigoma unabaki na nani, ndo hapo unabaki na Livingstone.

Ombi langu ni dogo, karatasi moja tu kutoka ofisini kwako iende mashuleni, walimu waambiwe mtoto akimwandika mpinzani, mazuri yake na mabaya yake, asahihishwe kama wengine. Kakosea mwaka akatwe maksi, kiingereza kibovu akatwe maksi, sawa. Lakini isomwe kwanza.

Kukusanya ni Ijumaa. Mpaka naandika hapa karatasi ya Livingstone ina kichwa cha habari tu na doa la mawese. Lile daftari la mstari mwekundu babu yake kalichukua toka juzi, kavaa miwani, anasema anatafuta nafasi ya kumwongeza Kabourou.